Kituo cha ufundishaji wa sayansi kianzie idarani

Maandiko mengi ya miradi ya kuanzisha kituo cha kuboresha ufundishaji wa sayansi na teknolojia chuoni huanza na mchoro wa jengo. Kazi yangu ni fizikia na namna inavyofundishwa, kwa hiyo maandiko hayo nayasoma sana, na kila mara natafuta jambo moja: ni nani atakayekaa ndani ya idara ya fizikia, ya kemia au ya uhandisi, kazi yake ikiwa kubadilisha kozi zenyewe? Mara nyingi hayumo. Yumo mkurugenzi, yumo mhasibu, na kuna ratiba ya semina za siku mbilimbili.

Mfano unaonishawishi zaidi uko Vancouver, Kanada. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha British Columbia kilimchukua Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2001 pamoja na Eric Cornell na Wolfgang Ketterle. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameanzisha mpango wa kuboresha ufundishaji wa sayansi Chuo Kikuu cha Colorado kwa takriban dola milioni 5. Vancouver alipewa zaidi ya milioni 10 kwa mpango kama huo, na sehemu kubwa ya fedha hizo ililipa mishahara ya watu waliopelekwa idarani.

Hao walikuwa wasomi vijana, wengi wao wakiwa wamemaliza shahada ya uzamivu katika somo husika: mwanajiolojia kwa idara ya jiolojia, mwanabiolojia kwa biolojia. Walifundishwa utafiti unasema nini kuhusu jinsi watu wanavyojifunza, kisha wakakaa na wahadhiri kupanga upya kozi moja baada ya nyingine. Idara zilishindania fedha hizo, na zilipaswa kujibu maswali matatu. Mwanafunzi akimaliza kozi hii aweze kufanya nini? Kwa sasa anaweza nini hasa? Ni mbinu zipi zitaziba pengo lililopo?

Swali la pili ndilo zito, kwa sababu mtihani wa kawaida haulijibu. Anayekariri kanuni na kupitia mitihani ya miaka iliyopita anafaulu vizuri tu. Mwaka 1992 David Hestenes na wenzake walichapisha jaribio la maswali takriban 30 ya kuchagua kuhusu mwendo na kani, ambalo halihitaji hesabu. Chukua swali la aina hii: lori limegongana na gari dogo, lipi linalisukuma jingine kwa kani kubwa zaidi? Kani ni sawa pande zote mbili. Gari dogo linaharibika zaidi kwa sababu tungamo lake ni dogo, na mwendo wake unabadilika ghafla zaidi. Mwanafunzi anayeweza kuandika kanuni ya tatu ya Newton bila kukosea hata herufi atakujibu kwamba ni lori, tena bila kusita. Mwaka 1998 Richard Hake alikusanya matokeo ya majaribio ya aina hii kwa wanafunzi zaidi ya 6,000 kutoka kozi 62. Kati ya yale ambayo wanafunzi hawakuyajua mwanzoni mwa kozi, mihadhara ya kawaida iliwaongezea wastani wa asilimia 23 tu. Kozi zilizowafanya wafikiri na kujadiliana darasani ziliongeza asilimia 48.

Vancouver wenyewe walipima. Mwaka 2011 Louis Deslauriers, Ellen Schelew na Wieman walichapisha katika jarida la Science matokeo ya mikondo miwili ya fizikia, kila mmoja ukiwa na wanafunzi wapatao 270. Kwa wiki moja mikondo yote ilisoma mawimbi ya sumaku-umeme. Mmoja ulikuwa na mhadhiri mzoefu anayesifiwa na wanafunzi. Wa pili ulikuwa na walimu wasio na uzoefu mkubwa, ila walifunzwa mbinu hizi. Wanafunzi wao walisoma kurasa chache kabla ya kipindi, darasani wakapewa maswali, wakajadiliana na jirani, wakajibu kwa vifaa vidogo mfano wa rimoti, na mwalimu akaeleza baada ya kuona walipokwama. Mkondo wa kwanza ulipata wastani wa asilimia 41, wa pili 74. Kubahatisha tu kungewapa 23. Wiki moja ni muda mfupi, nakubali. Lakini mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walijumlisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati, wakakuta waliofeli kwenye mihadhara ya kawaida ni karibu asilimia 34, dhidi ya 22 kwenye madarasa ya kushirikisha.

Kikwazo kikubwa hakikuwa wanafunzi wala vifaa. Wieman mwenyewe ameandika kwamba ni utaratibu wa kuwatuza wahadhiri: cheo kinapanda kwa machapisho, na anayefundisha vizuri hapati chochote cha ziada. Huku kwetu ni hivyohivyo. Naona kituo kisichokuwa na sauti katika kamati ya kupandisha vyeo kitachosha watu wake bure.

Kenya walianza mwaka 1998, kwa msaada wa Japani kupitia JICA, shirika lake la misaada ya maendeleo, kuwapa walimu wa sekondari mafunzo kazini katika hisabati na sayansi, kazi ambayo leo inafanywa na CEMASTEA, kituo cha mafunzo ya walimu wa hisabati na sayansi pale Karen, Nairobi. Ni kazi nzuri sana. Ila mwalimu yule alikaa chuoni miaka kadhaa akisikiliza mihadhara, na anapoingia darasani hufundisha kama alivyofundishwa. Ndiyo maana nalilia vyuo vikuu.

Na hapa gharama isitutishe. Badala ya rimoti, kadi nne za rangi zinatosha: swali likiulizwa, kila mmoja anainua yake, na mhadhiri anaona darasa zima kwa mara moja. Programu za kompyuta za PhET zinazoiga majaribio ya maabara, ambazo Wieman alizianzisha Colorado mwaka 2002, ni za bure na baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Hukohuko Colorado, tangu mwaka 2003, wanafunzi waliofaulu kozi hurudi kuongoza vikundi vya wanaoisoma sasa huku wakifundishwa ualimu, na baadhi yao wameamua kuwa walimu. Wanafunzi wetu wakipewa nafasi ya kujadiliana, watahamia Kiswahili baada ya dakika moja. Waacheni. Pale ndipo utasikia anayeelewa na anayerudia desa, yaani notisi alizokariri.

Ningepewa kituo leo, mwaka wa kwanza ningeajiri wahadhiri wasaidizi wawili, mmoja fizikia, mmoja kemia, na kuchukua kozi moja ya mwaka wa kwanza kila idara. Jaribio wiki ya kwanza, jaribio lilelile wiki ya mwisho. Maswali na mipango ya vipindi ihifadhiwe idarani, ili mhadhiri anayefuata asianze upya. Matokeo yapelekwe kwa rasi wa ndaki na kamati ya vyeo. Ofisi za muda zipo, hata chumba kimoja jirani na maabara.