Simu ya lipa mdogo mdogo ikiharibika, nani abebe mzigo?

Wengi wanaofika kwenye dawati letu la malalamiko wakiwa na simu ya mkopo huja na swali moja: "Imezima wiki ya tatu sasa, na kila siku nadaiwa. Niache kulipa?" Swali ni la haki. Jibu letu huwaudhi: usiache kimyakimya.

Simu hizi zina programu ya kuzifunga. Siku usipolipa, mtambo haujui kama kioo kimekufa au pesa umeila. Unafunga tu, na deni likikaa jina lako linaweza kufika CRB, yaani kampuni zinazotunza rekodi za wakopaji. Kwa hiyo kabla ya kugoma, iandikie kampuni iliyokukopesha. Barua pepe, WhatsApp, hata SMS inatosha: ulinunua lini, hitilafu ni ipi na ilianza lini, na unaomba malipo yasimamishwe muda wote simu itakapokuwa kwa mafundi wao. Ukipendelea kupiga simu, usikate kabla ya kupewa namba ya lalamiko. Maneno matupu hayana shahidi.

Kisha huanza mchezo wa kurushiana mpira. Duka linakwambia nenda kwa waliokukopesha. Waliokukopesha wanakutuma kwenye kituo cha ukarabati. Kituo kinasema waranti imeisha jana. Hapa ndipo watu hukata tamaa, na hapa ndipo ningependa tukae kidogo.

Waranti ni ahadi ya mtengenezaji. Haki yako haikuzaliwa humo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inamchukulia anayekuuzia kuwa amekuhakikishia ubora huo hata kama hakufungua mdomo, na hawezi kukufanya uiache haki hiyo kwa kutia sahihi. Basi yale maandishi ya "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" yaliyobandikwa ukutani hayafuti haki yako kwa simu iliyouzwa ikiwa mbovu. Na kama mkataba wako ni wa kukodi hadi umalize kulipa, yaani simu bado ni mali ya kampuni, Sheria ya Ununuzi wa Kukodi nayo inaweka sharti la ubora juu ya mwenye mali. Soma mkataba uone ni wa aina gani. Najua uliusoma kwa kubofya "Nakubali". Hata mimi hufanya hivyo.

Haki hii ina mipaka. Ufa ulioweza kuuona dukani ulipoikagua simu huwezi kuulalamikia baadaye. Simu iliyoanguka chooni si kosa la muuzaji. Lakini usikubali kuambiwa tu kwamba "imeingia maji". Ndani ya simu nyingi kuna kibandiko kidogo cheupe kinachogeuka chekundu kikilowa. Omba uonyeshwe, ukipige picha, na upewe maelezo ya fundi kwa maandishi.

Usiifungue kwingine kwanza. Mafundi wa barabara ya Luthuli, Nairobi, ni hodari, sibishi, ila skrubu moja ikishaguswa kampuni imepata kisingizio ilichokuwa ikikitafuta.

Kuna kesi nzito zaidi: umeuziwa kama mpya simu iliyokwisha kutumika ikang'arishwa. Huo ni udanganyifu, na sheria hiyo ya 2012 inakuruhusu kuuvunja mkataba kwa kutoa notisi ndani ya mwaka mmoja tangu mlipokubaliana. Lalamiko la namna hii lifikishe pia kwa Mamlaka ya Ushindani. Mamlaka ya Mawasiliano ni ya matatizo ya mtandao na huduma, na huko utaulizwa kwanza kama umelalamika kwa kampuni yenyewe.

Wakikuzungusha hadi mwisho, iko Mahakama ya Madai Madogo. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Nenda na mkataba, risiti, taarifa ya M-Pesa inayoonyesha malipo yako, na ule ujumbe ulioandika siku ya kwanza.

Unapoikabidhi simu, toa laini yako na kadi ya kumbukumbu, hamisha picha zako kama bado inawaka, na hakikisha namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, imeandikwa kwenye karatasi unayopewa. Siku ya kuichukua, bonyeza *#06# ukiwa bado kaunta. Namba itakayotokea isipolingana na ya karatasi, usitie sahihi.