Je, wajua kwa nini kodi humwumiza hata asiyeilipa?

Katika mitaa ya kale ya Uingereza bado zipo nyumba zenye madirisha yaliyozibwa kwa matofali. Si yote yana kisa kimoja, maana mengine yalijengwa hivyo kwa ajili ya urembo tu. Lakini mengi yalizibwa kukwepa kodi.

Mwaka 1696 serikali ilianza kutoza kodi ya madirisha. Kodi ya mapato ilichukiwa, kwa kuwa ingempa ofisa ruhusa ya kuchungulia mifuko ya watu, ilhali dirisha huhesabika ukiwa umesimama barabarani. Kuanzia 1747, nyumba yenye madirisha 10 hadi 14 ilitozwa peni 6 kwa kila dirisha. Yenye 9 haikuguswa na kiwango hicho. Kwa hiyo dirisha la kumi, peke yake, lilimletea mwenye nyumba mzigo wa peni 60!

Watu wakapiga hesabu. Kumbukumbu za kodi za enzi hizo zinaonyesha nyumba zikirundikana kwenye madirisha 9, 14 na 19, yaani moja tu chini ya kila ngazi.

Sasa mtazame aliyeziba lile la kumi. Hazina haikupata kitu. Yeye naye alikosa mwanga na hewa. Alichopoteza hakikuingia mfukoni mwa yeyote; kilipotea bure. Hapo ndipo watetezi wa soko huria wanapokaza uzi: gharama ya kodi si zile fedha zilizokusanywa tu, bali pia yale ambayo watu wameacha kuyafanya kwa kuiogopa. Biashara isiyofunguliwa na kibarua asiyeajiriwa havionekani kwenye bajeti yoyote.

Upande wa matumizi ya serikali una dirisha lake pia. Mwaka 1850 mwanauchumi Mfaransa Frédéric Bastiat alisimulia habari za mtoto aliyevunja kioo cha nyumbani kwao. Majirani wakamfariji baba: vioo visipovunjika, mafundi vioo watakula nini? Fundi akalipwa faranga 6, kila mtu akaona kazi imepatikana. Wasichokiona, alisema Bastiat, ni viatu ambavyo baba yule angenunua kwa faranga zilezile. Sasa fundi viatu amekosa mteja, na baba ana kioo tu badala ya kioo na viatu. Mradi wa serikali aliupima kwa kipimo hichohicho: wanaoajiriwa huonekana, ila walipa kodi waliopunguza manunuzi yao hawaonekani.

Wapinzani hujibu kwamba uchumi ukidorora, fedha hizo zingelala tu, basi afadhali serikali izitumie. Jibu hilo lina uzito, nakiri, ingawa bado halituambii kama kinachonunuliwa kinafaa. Wala Bastiat hakudai kila kodi ni wizi. Mtumishi wa umma akitoa huduma yenye thamani sawa na anacholipwa, kwake hayo yalikuwa mabadilishano ya haki. Alichokataa ni kuhesabu mshahara wenyewe kuwa ndiyo faida.

Alifariki Desemba 1850. Waingereza walifuta kodi yao ya madirisha mwaka uliofuata, baada ya malalamiko mengi kuhusu afya. Kwao Bastiat, kodi ya milango na madirisha iliyoanza 1798 iliendelea kutozwa hadi 1926.