Bustani ya Vipepeo Huanza na Majani Yanayoliwa

Vikundi vya bustani hapa Tabora hutuuliza swali moja: tumepanda maua, tumemwagilia, mbona vipepeo wanapita tu? Jibu mara nyingi tunalikuta kwenye bomba la dawa. Wanachama wanampenda kipepeo, ila wakikuta kiwavi kwenye jani wanamponda papo hapo. Nao ni yuleyule.

Chuki hiyo ina sababu. Mkulima aliyepoteza mahindi kwa kiwavijeshi vamizi, aliyeripotiwa Afrika mara ya kwanza mwaka 2016, hawezi kulaumiwa akiona kila kiwavi ni adui. Lakini yule ni mtoto wa nondo. Viwavi wengi wa vipepeo wanachagua mno: hula mimea ya jamii moja au chache, na wakiikosa hufa njaa hata pakiwa na majani tele. Aliyeko kwenye mndimu wako hatahamia kwenye mahindi. Wasumbufu wapo, kama yule mdogo wa rangi ya chungwa ambaye viwavi wake hula majani ya viazi vitamu. Wauza matembele wanamjua.

Kwa hiyo anzeni na chakula cha mtoto, maua yafuate. Mndimu au mlimau mmoja unatosha kumleta kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano. Hutaga yai mojamoja kwenye jani changa. Kiwavi akiwa mdogo anafanana kabisa na kinyesi cha ndege, na ndege wanampita. Akikua anageuka kijani, na ukimgusa anachomoza pembe mbili laini nyuma ya kichwa, zenye harufu kali. Watoto watataka aonyeshe pembe hizo kutwa nzima. Wazuieni, maana anachoka. Kama mche wenu una majani machache, mhamishieni kiwavi kwenye mndimu au mlimau mkubwa, la sivyo ataumaliza.

Kisha acheni pembeni ya uzio ule mmea wa porini unaotoa utomvu mweupe, wenye matunda mepesi yaliyojaa hewa na mbegu za nywele laini. Wengi huung'oa kama gugu. Hapo ndipo hutaga kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa zenye madoa meupe. Kiwavi wake hukusanya sumu ya mmea ule mwilini, na kipepeo hubaki nayo, hivyo ndege akimwonja hujuta. Kuna jike wa aina nyingine, asiye na sumu yoyote, aliyevaa sare hiyohiyo na kuponea humo! Utomvu wenyewe usiingie machoni. Anayeukata anawe mikono.

Kwa ajili ya mbochi, yaani maji matamu ya maua, zinia na alizeti zinafaa, na nyuki wa mizinga ya jirani watafaidika pia. Pandeni penye jua la asubuhi, kwa sababu kipepeo haruki vizuri mwili ukiwa baridi. Lantana ina maua mazuri, lakini huvamia malisho na misitu; sisi hatuishauri. Dawa ya mwarobaini nayo, pamoja na sifa zake zote, inaua viwavi.

Kiangazi cha Tabora, kuanzia Mei hadi Oktoba, ndicho kinachowashinda wengi. Wekeni sahani ya tope lenye chumvi kidogo. Madume huja kufyonza chumvi hiyo. Na msifagie kila kona mpaka ardhi ing'ae, wala kuchoma majani yote. Kuna kipepeo wa kahawia ambaye wakati wa mvua ana madoa kama macho, na kiangazi mabawa yake hufanana na jani kavu, akajificha humohumo mnamotaka kuwasha kiberiti. Msimu wa maembe ukifika, yaliyooza yaacheni chini ya mti. Vipepeo wakubwa wa misitu ya miombo hawajali maua. Wanakuja kunywa maji ya embe lililochacha.

Swali la mwisho huwa ni fedha. Ni kweli wanavijiji wa Amani, Tanga, walifuga pupa, yaani viwavi waliokwisha jifunga tayari kugeuka vipepeo, na kuziuza nje ya nchi, lakini mwaka 2016 Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai, na wao wakaguswa. Kikundi kisikope kwa matumaini hayo. Miche ya ndimu mnaweza kuuza. Sokoni ina wateja kila mvua za Novemba zinapoanza.