Je, wajua kwa nini karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba na si Unguja?

Msimu wa karafuu ukifika Pemba, kazi haiishi mtini. Jioni watu wa nyumba hukaa pamoja wakichambua, yaani kutenganisha karafuu na makonyo yake, vile vikonyo vinavyozishika, na asubuhi huzianika juani juu ya majamvi, wakiwa tayari kuzianua mara mvua inapotanda. Kwa kuwa sehemu kubwa kabisa ya karafuu za Zanzibar hutoka huko, ni rahisi kudhani kwamba mambo yamekuwa hivyo tangu mwanzo. Sivyo. Mkarafuu ulipoletwa kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokaliwa na Wafaransa, mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, akawahimiza wenye mashamba waupande kwa wingi, Unguja ndiyo iliyotangulia, huku Pemba ikijulikana zaidi kwa mpunga wake. Kilichogeuza mambo ni kimbunga kilichoupiga mji wa Zanzibar na mashamba yake tarehe 15 Aprili 1872.

Vimbunga ni nadra sana Unguja, na sababu yake iko katika mahali kisiwa kilipo. Ili kimbunga kizaliwe, bahari yenye joto la nyuzi 26 au zaidi haitoshi peke yake. Upepo unaokimbilia penye mgandamizo mdogo wa hewa lazima upindwe ili uanze kukizunguka kitovu, na kinachoupinda ni mzunguko wa dunia yenyewe. Nguvu hiyo ya kupinda hupungua kadiri mtu anavyoikaribia ikweta, hata ikatoweka kabisa kwenye ikweta yenyewe, na ndiyo maana vimbunga huwa havizaliwi katika nyuzi tano za latitudo za mwanzo kusini au kaskazini yake. Unguja iko kwenye nyuzi sita hivi kusini, yaani ukingoni kabisa mwa eneo la hatari. Isitoshe, vimbunga vingi vya upande huu wa bahari huelekea magharibi kisha hukata kusini, na wanaobeba mzigo wake ni watu wa Morisi, Madagaska na Msumbiji. Vichache vinavyopita kaskazini zaidi huja mwishoni mwa msimu: kile cha Lindi kilipiga Aprili 1952, na Hidaya ilifika Mafia mwanzoni mwa Mei 2024 ikiwa imekwisha kupungua nguvu.

Aprili ni wakati wa maleleji, kaskazi inapokwisha na kusi haijashika barabara. Enzi za matanga, huo ndio wakati ambapo majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi yalikuwa yakingoja kusi iyarudishe kwao, na bandari ya Zanzibar iko wazi upande wa magharibi. Kimbunga kilipofika, kiliyasukuma majahazi na meli ufukoni na kuyavunjavunja, na meli za Sultani zikaangamia pamoja nayo. Sultani huyo, Sayyid Barghash bin Said, alikuwa hajatimiza miaka miwili katika kiti, na mji wake ulikuwa umetoka tu katika kipindupindu kikali cha 1869 na 1870. Kwa maoni yangu, mfuatano huo wa misiba haupewi uzito unaostahili na wanaosimulia mkataba wake na Waingereza wa 5 Juni 1873, uliofunga soko la watumwa mjini. Manowari za Waingereza zilikuwa na neno la mwisho, lakini mtawala waliyembana alikuwa amekwisha kupoteza meli zake na sehemu kubwa ya mapato yake. Meli iliyoitwa Glasgow, aliyoiagiza Uskoti kujaza pengo hilo ilizamishwa na Waingereza haohao hapohapo bandarini tarehe 27 Agosti 1896.

Hasara ya mashambani ilidumu kuliko ya bandarini. Makadirio mengi husema kwamba zaidi ya theluthi mbili ya mikarafuu ya Unguja iliangushwa, pamoja na minazi isiyo na idadi. Mkarafuu si muhogo: hukaa miaka sita au zaidi kabla ya kuanza kuzaa, na huchukua mingi zaidi kufikia uzaaji wake kamili, hivyo mwenye shamba aliyepanda upya siku ya pili yake alijua kwamba atakula deni kwa miaka mingi. Pemba, iliyo kilomita hamsini hivi kaskazini mashariki, ilisalimika kwa kiasi kikubwa.

Hapo ndipo soko lilipoamua. Kabla ya kimbunga, karafuu zilikuwa nyingi mno na bei yake ilikuwa imeshuka. Baada yake zikaadimika, bei ikapanda, na faida yote ikawaangukia wale ambao miti yao ilikuwa bado imesimama. Wenye mashamba wakavuka kwenda Pemba, misitu ya vilimani ikafyekwa, na kazi hiyo, ni lazima isemwe wazi, ilifanywa kwa jasho la watumwa, kwa kuwa mkataba wa 1873 ulizuia biashara ya watumwa baharini bila kuondoa utumwa wenyewe, uliodumu kisheria hadi 1897. Huko Unguja, mashamba mengi yaliyolala yalipandwa minazi. Hata kabla karne ya 19 haijaisha, Pemba ilikuwa imekwisha kuipita Unguja kwa mbali, na mvua zake pamoja na udongo wa vilima vyake vimeilinda nafasi hiyo hadi leo.