Vitabu vimefika, mbona mtoto bado hasomi? Dhana potofu kuhusu miradi ya elimu

Kaa na kamati ya shule, toka hapo ukakae na madiwani, kisha upokee simu ya mfadhili. Wote watatu watakwambia jambo lile lile: "Tatizo ni vifaa. Shule ikipata vifaa, ufaulu utapanda." Walioko kwenye asasi za elimu wameisikia kauli hii mpaka masikio yameota sugu. Tuanze nayo, maana ndiyo inayokula fedha nyingi kuliko zote.

Dhana: Leteni vitabu, madawati na ruzuku, watoto watafaulu.

Hili limeshapimwa, tena hapa hapa Tanzania, kwenye shule zetu za serikali. Mwaka 2013 na 2014 asasi ya Twaweza iliendesha mpango wa KiuFunza katika shule za msingi 350, zilizogawanywa kwa kura. Shule 70 zilipewa ruzuku ya Sh 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Sabini nyingine hazikupewa ruzuku, ila walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa Sh 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu somo: Kiswahili, Kiingereza au Hisabati. Sabini zikapewa yote mawili. Zilizobaki, 140, zilikuwa za kulinganishia.

Baada ya miaka miwili watoto walipimwa. Zile zilizopewa ruzuku peke yake hazikuonyesha tofauti yoyote ya alama na zile ambazo hazikupewa kitu. Sifuri. Zilizopewa ile ahadi ya fedha kwa walimu peke yake zilionyesha dalili nzuri, ingawa si ya kutamba nayo. Zilizopewa yote mawili zilipanda waziwazi, na walichopata watoto wake kilizidi hata jumla ya faida za mipango ile miwili ikiwekwa pamoja. Watafiti walichapisha matokeo hayo mwaka 2019, na bado kuna watu wanaandika maombi ya fedha kana kwamba hayapo.

Kwa nini ruzuku haikufua dafu? Kwanza, pesa haikai mahali ilipowekwa. Mzazi akisikia shule imepata fungu, hupunguza alichokuwa ananunua: daftari, kalamu, kitabu cha ziada. Shule nayo hupunguza ilichokuwa inatoa kwingine. Ukipiga hesabu ya mwisho, kilichoongezeka kwa mtoto mmoja ni kidogo kuliko kilichoandikwa kwenye hundi.

Pili, kitabu hakimsubiri mtoto. Miaka ya 1990 asasi moja iligawa vitabu vya kiada katika shule za Busia, magharibi mwa Kenya. Wastani wa alama haukusogea. Walionufaika ni wale waliokuwa tayari wanaongoza darasa. Sababu haihitaji shahada: vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto wale kilikuwa lugha ya tatu, na viliandikwa kwa ajili ya mtoto anayekwenda sawa na mtaala. Asiyeweza kusoma sentensi ukimpa kitabu cha kurasa 120, umempa kitu cha kubeba.

Tatu, na hii ndiyo inayokera zaidi: ununuzi unaonekana, ufundishaji hauonekani. Madawati 100 yanapigwa picha, mgeni rasmi anakata utepe. Mwalimu aliyemrudisha mtoto kwenye silabi kwa wiki sita hana cha kukatia utepe. Bajeti inafuata kamera.

Wala hakuna anayesema vifaa havihitajiki. Mtoto aliyeketi sakafuni haandiki vizuri, na msichana aliyekosa choo hubaki nyumbani. Kiwango cha tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25 kifikiwe kwa sababu ni haki yao. Usije tu ukajenga choo, halafu kwenye taarifa ya mwaka ukaahidi alama za Hisabati.

Kanuni moja ya kung'ang'ania: usinunue kitabu hata kimoja kabla hujapima watoto wanasoma kiwango gani. Ndipo tunaingia dhana ya pili.

Dhana: Yuko darasa la nne, kusoma anajua.

Anajua nini hasa? Kipimo kipo na hakihitaji mtaalamu. Asasi ya Pratham ya India ilianza kukitumia nchi nzima mwaka 2005 kupitia tathmini ya ASER, na mpango wa Uwezo ukakileta Kenya, Tanzania na Uganda kuanzia mwaka 2009. Ni karatasi moja yenye silabi, maneno, aya fupi na hadithi, yote ya kiwango cha darasa la pili.

Unamkalisha mtoto peke yake na kuanza na aya. Akiisoma kama sentensi, bila kuikatakata neno moja moja na bila kukosea zaidi ya mara tatu, mpe hadithi. Akishindwa aya, mshushe kwenye maneno: achague matano, apate manne. Akishindwa maneno, mshushe kwenye silabi kwa utaratibu huo huo. Anapoishia ndipo alipo. Dakika chache tu kwa mtoto, darasa la watoto 50 linakwisha ndani ya siku mbili za asubuhi.

Wanaoharibu kipimo hiki huharibu kwa njia zile zile. Wanapima wenzake wakiwa wamesimama nyuma, hivyo mtoto wa nne ameshaikariri aya kwa kuisikia. Wanamsaidia: "Mbo... mboga, sema mboga." Au wanatumia ukurasa wa kitabu cha darasani, ambao mtoto ameuimba muhula mzima.

Kiswahili kina bahati: kinasomwa kama kinavyoandikwa. Kwa hiyo mtoto akikwama, utaona amekwamia wapi. Wengi wanakwenda vizuri na ba, be, bi, bo, bu, halafu wanagonga ukuta kwenye *mbwa*, *ng'ombe*, *nywele*, *njia*, *ghali*. Mwalimu akiliona hilo, anajua cha kufundisha Jumatatu. Akiangalia wastani wa darasa tu, hajui chochote. Wastani wa 48 unaweza kuwa darasa zima lenye 48, au nusu wenye 80 na nusu wenye 16, na hayo ni madarasa mawili tofauti kabisa.

Dhana: Kuwapanga watoto kwa uwezo ni kuwabagua.

Kumweka asiyejua silabi mbele ya ubao wenye insha kwa miaka mitano ndiko kumbagua, ila kwa kuwa kunafanyika kimya kimya hakuna anayelalamika. Mwaka 2005, shule 121 za magharibi mwa Kenya zilipata fedha za kuajiri mwalimu wa pili wa darasa la kwanza. Nusu yake ziligawa mikondo kwa uwezo, nusu zikachanganya. Palipogawanywa kwa uwezo, waliokuwa chini walipanda na waliokuwa juu walipanda pia, kwa sababu mwalimu alilenga kundi moja badala ya kurusha jiwe gizani.

Hatari ipo, nayo ni kumsahau mtoto kwenye kundi. Kwa hiyo makundi yawe ya saa moja tu kwa siku, kwa mfano darasa la tatu hadi la tano wachanganywe saa ile ile, kila mwalimu achukue kiwango kimoja, na baadaye kila mmoja arudi darasani kwake. Pima tena kila baada ya wiki chache na uwahamishe. Msiyaite makundi Simba, Chui na Sungura. Siku ya pili tu watoto wanajua Sungura ni nani. Yaiteni kwa mahali yanapokaa: la mwembeni, la barazani.

Dhana: Walimu wameshapewa semina, kazi imebaki kwao.

Semina ya siku tano, yenye chai na posho, ikishushwa kutoka mkoani hadi kata na kutoka kata hadi shule, inafika darasani ikiwa imebaki kaulimbiu. Katika majimbo ya Bihar na Uttarakhand huko India, walimu wa shule za serikali walifundishwa mbinu ya Pratham ya kuwapanga watoto kwa kiwango, wakapewa na vifaa. Vifaa walivitumia, lakini watoto hawakuwapanga upya, mtaala ukaendelea kukimbia, na matokeo yalikuwa hafifu. Katika jimbo la Haryana ilitengwa saa maalumu kila siku kwa kazi hiyo, na wasimamizi wa serikali wakapita madarasani. Watoto wakasogea. Mbinu ilikuwa ile ile. Kilichotofautiana ni saa kwenye ratiba na mtu wa kuja kuangalia.

Kenya walilielewa hili kwenye Tusome, programu ya kufundisha kusoma iliyoanza mwaka 2015 katika shule za msingi za umma nchi nzima. Kila mtoto kitabu chake, kila mwalimu kiongozi chenye somo la kila siku, na afisa wa eneo aliyekuja kukaa darasani. Alipomaliza kuangalia somo, afisa alichagua watoto watatu bila kupanga na kuwasomesha papo hapo. Nauli yake ilirudishwa kulingana na ziara alizofanya kweli, zilizosajiliwa kwenye kishikwambi. Wanaopanga miradi huku kwetu waanzie kwenye nauli hiyo. Afisa Elimu Kata mwenye shule saba na pikipiki isiyo na mafuta hatatembelea darasa, hata umpe fomu nzuri namna gani.

Dhana: Vishikwambi ndilo suluhisho.

Kisumu, Kenya, katika programu ya kufundisha kusoma, walijaribu kuwapa vishikwambi wakufunzi wanaozunguka shule katika kundi moja, walimu katika kundi jingine, na katika la tatu wanafunzi wakapewa vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki. Watoto walijifunza zaidi kuliko wenzao wasio kwenye mradi, lakini si kwa tofauti ya maana ikilinganishwa na programu ile ile iliyotumia karatasi tu. Ukiwa na bajeti ya vishikwambi vichache, mpe anayezunguka shule.

Dhana: Dawa ya minyoo hupandisha alama.

Hupunguza utoro. Mradi wa Busia ulioanza mwaka 1998 katika shule 75 ulipunguza utoro kwa takriban robo. Alama za mtihani hazikubadilika. Toeni dawa, ni nafuu na ni nzuri, ila msiiandikie ufaulu.

Dhana: Elimu ni bure, mzazi asiulizwe kitu.

Kilichoondolewa Tanzania ni ada na michango ya lazima. Kwa utaratibu ulioanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka: 4,000 zinabaki serikalini kwa ajili ya vitabu, 6,000 zinakwenda shuleni. Hiyo ni Sh 500 kwa mwezi. Shule ya watoto 600 inapata Sh 300,000, na humo mna chaki, karatasi za mitihani, matengenezo na utawala. Sare, daftari na chakula ni jukumu la mzazi. Mchango wa hiari wenye kibali unaruhusiwa. Kinachokatazwa ni kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu mzazi wake hakutoa.

Dhana: Mradi umefanya kazi shule 50, sasa uende nchi nzima.

Walimu wa mkataba walifanya vizuri katika majaribio ya asasi Kenya. Ndipo likafanyika jaribio katika shule 192 kwenye mikoa yote minane ya wakati ule: nusu ya mpango uliendeshwa na asasi, nusu na serikali. Mikataba ilikuwa ya aina moja, kazi ilikuwa moja. Chini ya asasi alama zilipanda. Chini ya serikali hazikupanda kabisa. Mishahara ilichelewa, ufuatiliaji ukalegea, na mgogoro kati ya chama cha walimu na serikali kuhusu ajira za mikataba uliwafanya walimu wale waone kwamba watapata ajira ya kudumu hata iweje. Kwa hiyo mradi ukifaulu, swali la kwanza liwe: nani atalipa, tarehe ngapi, na nani atakwenda kuangalia asasi ikishafunga ofisi? Kama jibu ni "halmashauri itachukua", tafuta kifungu kwenye bajeti ya halmashauri. Kisipokuwepo, halmashauri haijachukua kitu.

Dhana: Mzazi asiyesoma hawezi kujua mtoto anasoma.

Anaweza, na hana haja ya karatasi ya Uwezo. Achukue chochote chenye maandishi kilichopo nyumbani ambacho si kitabu cha shule: pakiti ya unga, kalenda ya ukutani, tangazo la kliniki. Mtoto asome mstari mmoja huku akifuata kila neno kwa kidole. Kisha asome mstari huo huo kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza. Anayesoma atapunguza mwendo tu. Aliyekariri kidole kitabaki nyuma ya mdomo, na akigeuzwa atanyamaza. Kesho yake mzazi aende shuleni amuulize mwalimu swali moja, asikubali kujibiwa kwa nafasi ya mtoto darasani: "Mwalimu, mwanangu amefika kwenye silabi, maneno, aya au hadithi?"