Kwa nini haibridi ya kuchaji hutoa kaboni nyingi kuliko ilivyoandikwa kwenye karatasi zake?

Haibridi ya kuchaji ina mota ya umeme, betri ya kuipeleka kilomita 50 hadi 80 hivi, na injini ya kawaida ya mafuta. Kwenye karatasi za kiwandani, nyingi zilikuwa zikiandikiwa chini ya gramu 50 za kaboni dioksidi kwa kilomita.

Barabarani mambo ni mengine. Tangu 2021, magari mapya ya petroli, dizeli na haibridi za kuchaji barani Ulaya hulazimika kuwa na mfumo unaorekodi mafuta yanayotumika. Mwaka 2024 Tume ya Ulaya ilitoa matokeo ya magari yaliyosajiliwa 2021: haibridi hizi zilitoa wastani wa gramu 139 hivi, yaani mara tatu na nusu ya kiwango kilichotangazwa. Magari ya petroli na dizeli nayo yalizidi, ila kwa takriban asilimia 20 tu.

Kiini cha tatizo ni kwamba vipimo rasmi hudhani dereva huchaji kila mara. Kanuni ya zamani ilichukulia kwamba asilimia 70 hadi 85 ya umbali husafiriwa kwa umeme. Utafiti wa 2022 wa ICCT, shirika la kimataifa linalochunguza usafiri safi, ulikuta kwa wenye magari binafsi ni asilimia 45 hadi 49, na kwa magari ya kampuni 11 hadi 15 tu. Hapo sioni fumbo: kampuni humpa mfanyakazi kadi ya mafuta, ilhali umeme wa nyumbani mara nyingi anaulipa mwenyewe. Nani atahangaika na waya? Nchini Uingereza kuna magari ya kampuni yaliyorudishwa waya wa kuchajia ukiwa bado kwenye mfuko wake, haujawahi kufunguliwa.

Betri ikiisha chaji, injini hulazimika kuburuta mota na betri yenye uzito wa kilo mia na kitu. Mafuta huliwa hasa.

Hata anayechaji kila usiku (soketi ya kawaida ya ukutani hutosha kujaza betri nyingi za aina hii hadi asubuhi) hakwepi injini moja kwa moja. Akikanyaga mafuta kwa nguvu ili kulipita lori, mota pekee huenda isitoshe, na injini huwaka. Kwenye baadhi ya modeli huwaka pia wakati wa baridi, kwa sababu hita ya ndani hutegemea joto lake.

Kwa modeli mpya zinazoidhinishwa kuanzia 2025, Ulaya imebadilisha hesabu: sasa inachukulia kwamba umeme hutumika kidogo kuliko ilivyodhaniwa mwanzo. Kwa hiyo gari lilelile, bila kubadilishwa hata skrubu moja, huweza kuandikiwa gramu nyingi zaidi, na katika nchi zinazotoza kodi kwa kufuata kaboni, kodi yake hupanda.