Sifa 41, na dola 380 zimekwenda

Mama mmoja anayeuza nguo soko la Kenya, hapa Lubumbashi, aliniletea simu yake, akaiweka mezani kimya. Alikuwa amemtumia muuzaji mmoja wa mtandaoni dola 380 kwa M-Pesa, malipo ya balo la mitumba, na tangu siku ile namba haipatikani. "Lakini alikuwa na sifa 41," akaniambia, "zote nzuri. Sasa ningejuaje?"

Kazi yangu ni kufuatilia wizi wa malipo ya simu, na swali hilo huniuma kila ninapolisikia, maana aliyeuliza alikuwa amejitahidi kuwa mwangalifu.

Tulikaa tukazisoma sifa zote, yaani alama na maoni walivyoachiwa na wanunuzi, moja baada ya nyingine. 34 zilihusu vitu vya dola 3, dola 5, dola 6: chaja, kava ya simu, soksi za watoto. Zote ziliandikwa ndani ya wiki sita. Walioandika walikuwa watu tisa tu, na wanne kati yao wauzaji waliokuwa wakisifiana wao kwa wao. Vile vitu vidogo vilifika kweli, sidhani wateja walisema uongo. Tapeli alikuwa ananunua jina kwa bei ya chaja.

Alama nzuri hueleza mtu alivyotenda pale ambapo kuiba kusingemfaidi. Kuhusu siku atakaposhika dola 380 zako, hazisemi kitu.

Jina zuri lina thamani, hilo limepimwa. Katika jaribio lililochapishwa 2006, muuzaji mmoja wa eBay, soko la mtandaoni, aliuza postikadi za zamani za aina moja, nyingine kwa jina lake lenye sifa nyingi, nyingine kwa majina mapya. Wanunuzi walilipa jina la zamani asilimia 8.1 zaidi. Na kitu chenye thamani huibwa. Mtu akikudanganya umtajie zile tarakimu 6 za kuthibitisha WhatsApp, amechukua namba yako pamoja na heshima yako yote, na ndugu zako watamtumia pesa wakidhani ni wewe.

Hata sifa za kweli, zilizotolewa na watu wa kweli, huweza kuwa mtego. Trendon Shavers wa Texas, kati ya 2011 na 2012, alikusanya bitcoin za watu akiahidi riba ya hadi asilimia 7 kwa wiki. Wa kwanza walilipwa, kwa pesa za waliofuata. Aliyelipwa atamsema vibaya kwa nini? Mwaka 2016 mahakama ya New York ilimhukumu kifungo cha miezi 18.

Sisemi alama zifutwe. Zinamtisha muuzaji mvivu, yule anayechelewesha mzigo au kutuma rangi uliyoikataa, kwa sababu anataka kuendelea kuuza kesho. Mwizi aliyejipanga hana kesho ya kulinda. Atafungua jina jipya.

Mama zetu wa likelemba, yaani upatu wa kuchangiana na kupokea kwa zamu, walilielewa hili bila kompyuta. Mgeni akiingia, hata aletwe na nani, zamu yake ya kupokea huwekwa mwishoni. Atoe kwanza, mwezi hata mwezi, ndipo ashike fungu. Wanamsikiliza anayemsifu, tena wanajua nyumba yake, lakini pesa nyingi hazimfikii mapema. Ukimtumia muuzaji usiyemjua pesa yote kabla ya mzigo, umempa mgeni zamu ya kwanza.

Nilipomwambia hivyo yule mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwenye likelemba yangu nisingekubali."

Dola zake hazikurudi. Zilikuwa zimetolewa kwa wakala saa ileile. Siku hizi analipa robo mzigo ukipakiwa, na iliyobaki mtoto wa dada yake aliyeko Kasumbalesa, mpakani na Zambia, akishalifungua balo na kulikagua. Wauzaji wawili wamekataa masharti hayo, mmoja wao mwenye sifa zaidi ya 100. Wa tatu amekubali.